Mrejesho: mdogo wangu aliyekakamaa shingo

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza wiki tatu zilizopita kuhusu mdogo wangu anayetumia haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili: shingo ilikakamaa ikavutwa upande, macho yakapanda juu, jirani akasema ni mapepo. Mliniambia huenda ni madhara ya dawa hiyo, mkanisihi nisimwachishe kienyeji, nimkimbize hospitali usiku uleule. Nikafanya hivyo. Alichomwa sindano, na haikupita nusu saa shingo ikalegea. Siwafichi, nilikaa pale kwenye benchi nikalia.

Daktari alipunguza dozi, akaongeza Artane, dawa ya kuzuia kukakamaa huko. Kukakamaa hakujarudi, ila sasa mdomo unamkauka na choo kimekuwa kigumu. Chupa ya maji haimtoki mkononi, na mama anamlisha mapapai mpaka ameyachukia. Miguu bado haitulii. Usiku anazunguka uani kama aliyepoteza funguo. Ikiendelea hivyo atabadilishiwa haloperidoli apewe olanzapini, dawa nyingine ya akili, nayo tumeonywa huleta njaa na unene, kwa hiyo atapimwa uzito na sukari kwanza.

Aliyenishauri niandike saa anazomeza dawa na saa miguu inapoanza kumsumbua, asante sana. Daktari alilisoma daftari lote. Tunarudi kliniki Jumanne.