Plagini ya sauti inaangusha programu nzima, naomba ushauri

Wakuu, habari za muda huu. Natengeneza singeli na Bongo Fleva kwa FL Studio (programu ya kutengeneza muziki), kompyuta ni Windows 11, RAM GB 16. Nilinunua plagini, yaani programu ndogo ya kuongeza ndani ya FL, ya kunyoosha sauti za waimbaji (kampuni siitaji), leseni halali, siyo ya kukreki. Nikiiweka kwenye chaneli moja inatulia. Nikiongeza ya pili, au nikifungua projekti niliyosevu jana, programu inaganda kisha inajifunga bila hata ujumbe wa kosa.

Nimeifuta na kuiweka upya, nimesasisha draiva ya kadi ya picha, nimepandisha bafa ya ASIO (draiva ya sauti) hadi sampuli 1024, na nimeondoa toleo la VST2 la plagini nikabaki na la VST3. Hata kwenye Reaper, programu nyingine ya muziki, projekti ikiwa tupu, inaanguka vilevile. Kwa hiyo FL siilaumu.

Sasa hao wa huduma kwa wateja! Nimewatumia ripoti kutoka Event Viewer (sehemu ya Windows inayorekodi makosa), wakanijibu nizime kompyuta na kuiwasha. Nikiwaeleza zaidi, anakuja mwingine kuniuliza natumia Windows gani. Hela nayo hawarudishi, eti leseni imeshawashwa.

Kuna aliyewahi kuiendesha plagini ya namna hii kama mchakato wa pembeni, ili ikifa isiue projekti? Inakula CPU kiasi gani ukiwa na chaneli sita za sauti? Na nikiwabana warudishe hela, nipitie benki iliyonipa kadi au kuna njia nyingine? Msanii anataka miksi Ijumaa.