Naomba ushauri: nianzie wapi kuifuata tarumbeta ya Freddie Hubbard?

Habari zenu wakuu. Napiga tarumbeta kanisani mwaka wa tatu sasa, na mwezi huu wote sisikilizi kingine ila Open Sesame, albamu ya kwanza ya mpiga tarumbeta wa jazz Freddie Hubbard akiwa kiongozi wa bendi. Aliirekodi Juni 1960 kwa lebo ya Blue Note, akiwa na miaka 22 tu! Piano ni McCoy Tyner, besi Sam Jones, ngoma Clifford Jarvis, na saksafoni ni Tina Brooks, ambaye ndiye aliyetunga wimbo uliobeba jina la albamu. Brooks huyu anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa.

Shida yangu ni hii. Nikijaribu kuufuata wimbo wa All or Nothing at All wa albamu hiyo, midomo inaisha nguvu kabla sijafika katikati. Naitoa tarumbeta mdomoni nakuta alama ya duara imenikaa, na noti za juu zinatoka hewa tupu. Vidole vinawahi, pumzi haifiki. But Beautiful, nayo ya albamu hiyo, ni ya taratibu, lakini humo kila noti ndefu inanitetemeka.

Wenye uzoefu, nianze na hiyo ya taratibu mpaka sauti itulie, au nipunguze kasi ya rekodi nishike vipande vifupi vifupi? Na je, niandike noti kwanza au niimbe kwa mdomo mpaka inikae kichwani? Mazoezi yangu ni dakika 40 kila jioni, sijui kama nikae siku nzima bila kupiga midomo ikichoka. Nitashukuru sana.