Tupeane uzoefu: gogo la tangi la samaki kutokana na tawi la uani

Mtoto wa Maweni: Nimetoka duka la samaki wa mapambo. Gogo la kuweka tangini, dogo tu, nilipotajiwa bei nusura nikae chini. Na hapa nyumbani Malindi mpera wetu umekauka upande mmoja. Waliojitengenezea, leteni visa. Ninalojua mimi ni kwamba huchemshwa, basi.

Bi Langoni: Mwanangu, umenitonesha. Sisi Lamu tumekua na birika za kuhifadhia maji zenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo kijana wangu alipotaka tangi sikuona ajabu. Akanunuliwa, akaweka gapi, wale visamaki wadogo wa mapambo. Shemeji yangu, mjuaji wa kila kitu, akasema tangi bila mti ni ndoo. Akachukua panga, akarudi na tawi limepinda vizuri, gamba keshalibandua, kusema haki lilipendeza. Akalisuuza mferejini, akalitumbukiza. Baada ya Isha naona gapi wote wamepanda juu, vinywa nje, wanahema. Namwita, aniambia "wamefurahi". Alfajiri naamka kuswali, wameelea matumbo juu. Mtoto analia, mume ananikodolea macho mimi, shemeji keshapanda boti ya Mokowe! Nikalivunja lile tawi: ndani bichi, latoa utomvu mweupe. Mnyaa wa ua wa jirani! Mti waliotumia wazee kulevyea samaki, yeye akampelekea mtoto tangini.

Pwani Raha: "Wamefurahi" 😂😂 Huyo shemeji namtaka.

Fundi wa Tangi: Pole sana. Ila kabla ya kulaumu mti, maji je? Ya mfereji yenye klorini huua gapi hata bila tawi.

Bi Langoni: Samaki walikuwa humo wiki kadhaa, wazima. Usinifundishe maji, mimi nimekulia birikani.

Mkomani: Kumbe nawe ulikuwa unakula mbu?

Fundi wa Tangi: Yaishe mama. Maweni, mpera ni mzuri, mgumu. Lakini tawi liwe limekufa na kukauka hadi ndani. Ukilikunja livunjike kwa mlio, na chini ya gamba pasiwe na ukijani. Bichi huoza na kuchafua maji. Chemsha saa kadhaa, gamba litabanduka lenyewe, mwaga, chemsha tena. Maji yakiwa kama chai ya rangi usiogope, gapi hawadhuriki. Usiyoyataka ni yenye utomvu mweupe au ulimbo.

Shela Juu: Msichemshe kupita kiasi, mti hulainika. Mimi huloweka tu pipani nikibadilisha maji, mpaka lizame lenyewe.

Fundi wa Tangi: Na wadudu waliomo ndani je?

Shela Juu: Samaki watakula.

Pwani Raha: Mimi lilikataa kuzama kabisa. Nikalifunga kwenye jiwe kwa uzi wa kuvulia, likakata tamaa.

Boriti: Mnajisumbua. Okoteni mkoko ufuoni, tayari umeshalowa.

Mkomani: Mkoko tena? Umesahau marufuku ya kukata miti ya 2018 ilivyowabana wakataji wa Lamu?

Boriti: Nimesema KUOKOTA. Soma kabla ya kuruka.

Mkomani: Wote husema wameokota.

Sabaki: Mvua zikinyesha bara, mto hutumwagia magogo ufuoni kibao. Nimewahi kutumia. Lakini yana chumvi, ni kuloweka maji matamu muda mrefu ukibadilisha kila mara. Na usiokote ndani ya hifadhi ya bahari. Nililoleta mimi, nilipolimwagia maji ya moto, alitoka nge shimoni. Mke wangu alikuwa pekupeku.

Pwani Raha: Akakuacha?

Sabaki: Alihamisha jiko uani. Mimi na gogo tukalifuata.

Mtoto wa Maweni: Asanteni. Tawi haliingii sufuria lolote ila lile la pilau la mama. Kuna njia nyingine?

Fundi wa Tangi: Likate. Au chemsha upande mmoja, kisha geuza. Sufuria la pilau usiliguse.

Shela Juu: Guseni tu, hakuna sumu kwenye mpera.

Bi Langoni: Sumu ni mama mwenyewe.

Mgeni wa Lamu: Langu limeota utando mweupe unaoteleza. Nitoe?

Fundi wa Tangi: Acha, hutoweka baada ya wiki chache. Konokono huupenda. Ukikukera, piga brashi.

Mgeni wa Lamu: Na mkilifi, yaani mwarobaini, je? Tunao mkubwa mlangoni.

Bi Langoni: Mkilifi! Hao samaki wako wana malaria?