Waliniuzia ruhusa isiyokuwa yao!

Jamani, nimelinyamazia hili wiki nzima, leo basi.

Mwaka juzi nilianza kuhariri tenzi za mshairi mmoja wa Lamu aliyefariki 1983. Hazijachapishwa hata siku moja. Ziko kwenye daftari la shule, kwa hati za Kiarabu, wino umegeuka kahawia. Daftari limo katika maktaba ya taasisi moja hapa Pwani. Nikaomba idhini ya kuchapisha, nikaambiwa lipa shilingi 15,000. Nikalipa, nikapewa barua yenye mhuri: "umeruhusiwa kutumia na kuchapisha".

Miezi 14 nimekesha na tenzi zile. Kuna ubeti nilikaa nao siku tatu kwa nukta moja iliyofutika: ni "nazi" au ni "nari"?

Nimefika kwa mchapishaji, wakili wake akauliza jambo moja tu: sahihi za warithi ziko wapi? Nikatoa barua yangu. Akasema maktaba ina daftari, maneno si yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliokufa. Kwa hiyo tenzi hizi zina wenyewe hadi mwisho wa 2033. Haki hiyo hurithiwa kama mali nyingine, na leseni ya kipekee aliyoitaka mchapishaji, yaani ruhusa ya kuchapisha peke yake, lazima iwe kwa maandishi, na mwenye haki aitie sahihi.

Nikarudi maktaba kwa hasira. Leja yao wenyewe inasema binti wa marehemu alilileta daftari "lihifadhiwe". Lihifadhiwe! Nani aliwapa haki ya kuliuzia ruhusa? Afisa ananijibu, "Sisi siku zote tunafanya hivi." Basi ni kazi za wangapi zimeshatoka kwa mhuri huo na wenyewe hawana habari?

Binti huyo nimempata kwa simu, ni mama mtu mzima. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maneno ya baba umeyapata wapi?" Nilikosa la kumjibu. Ndugu zake wawili wako Muscat, nao lazima niwaombe, na nitawaomba.

Lakini ile ofisi inirudishie pesa zangu, na iache kuandika "kuchapisha" kwenye barua zake. Wampe mtu nakala ya kusoma, kisha wamwambie warithi ni nani. Kama nawe unayo barua ya namna hii, sema hapa, twende pamoja.