IST inazima ikipata moto, ikipoa inawaka

Dereva_Nyakato
Mwangaluka wakuu. IST ya 2004, injini 1NZ-FE. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishatembea kama dakika 20 na kukuta foleni ya Buzuruga, inazima. Ukipiga stata inazunguka tu. Ukiiacha dakika 15 hivi inawaka kama haijafanya kitu. Taa ya injini haiwaki. Plagi na ea klina ni mpya. Fundi mmoja anasema pampu, mwingine throto (mlango wa hewa ya injini), wa tatu kontroli boksi (kompyuta ya injini). Nianze na ipi?

Sangara
Usinunue kitu bado. Silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ingekuwa inashuka taratibu, gari linatetemeka hasa ukiwasha AC, halafu stata moja linawaka, ningesema safisha throto na ukague hosi za vakyumu. Lako linagoma mpaka lipoe. Hapo kuna kitu joto linakikata, na ni ama umeme wa plagi ama mafuta.

Pima wakati limegoma. Ukilifikisha gereji limeshapoa kila kipimo kitakuja safi, na ndiyo maana mafundi watatu wamekupa majibu matatu.

Chomeka mashine ya OBD (ya kusoma kompyuta ya gari), fungua ukurasa wa data zinazosoma papo hapo, mtu apige stata kwa sekunde 5. RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) isome 200 hivi au zaidi. Ikibaki 0, sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini) haitoi taarifa, na kompyuta isipojua kwamba injini inazunguka haitoi cheche wala haifungui nozeli za mafuta. RPM ikisoma sawa, legeza bomba la hewa, puliza kabureta klina kidogo kwenye throto, rudisha bomba, piga stata. Likishika sekunde moja mbili kisha likafa, cheche ipo, mafuta hayafiki.

fundi_umeme_MZA
Naongezea hapo kwenye pampu, maana watu wanatupa pampu nzima bure. Kwenye injini hii pampu haipewi umeme mpaka kompyuta ipate ishara ya stata pamoja na ile ya krenki. Kwa hiyo sensa ya krenki ikifa, pampu nayo inanyamaza, na fundi akisikiliza tenki anasema "pampu imekufa". Kufungua swichi bila stata na kusikiliza hakuthibitishi chochote.

Inua siti ya nyuma, weka mita kwenye plagi ya pampu huku stata inapigwa. Volti 10 au zaidi zipo na pampu kimya: pampu ndiyo mbovu. Hakuna volti: rudi kwenye RPM, fyuzi ya EFI na rilei. Presha ya mafuta ikipimwa kwa geji iwe psi 44 hadi 50.

Halafu hii tabia ya kuweka mafuta ya elfu kumi kila siku, taa ya mafuta ikiwaka muda wote! Petroli ndiyo inayoipoza pampu. Isishuke chini ya robo tenki.

Dereva_Nyakato
Limegoma leo mchana pale Igoma. RPM 0 kwenye stata, kodi ya hitilafu P0335 (ya sensa ya krenki) ipo japo taa haikuwaka. Sensa yenyewe iko wapi?

Sangara
Chini, upande wa mkanda, karibu na puli ya krenki, kwenye kava la cheni. Boliti moja ya namba 10, plagi ya nyaya mbili. Kabla ya kuitoa kagua plagi: oili ikivuja juu yake nyaya hukakamaa na kukatika ndani huku ganda likionekana zima. Pima omu za sensa gari likiwa limegoma. Ya baridi iwe 985 hadi 1,600, ya moto isizidi 1,890. Mita isiposoma kabisa ikiwa moto, koili ya ndani imekatika. Ukiipoza kwa kitambaa chenye maji na gari likawaka, huna haja ya kutafuta zaidi. Ukifunga mpya, futa chenga za chuma, paka oili kwenye oringi, usikaze boliti kwa nguvu, ni ndogo.

fundi_umeme_MZA
Na mpaka ubadilishe, kaa mbali na kile kilima cha Bugando. Injini ikizima ukiwa unashuka, busta ya breki ina akiba ya mikanyago michache tu: kanyaga breki mara moja ushikilie, usipampu. Usukani utakuwa mzito, ila utakata kona. Usirudishe ufunguo nyuma hadi mwisho, usukani utajifunga.