Riwaya za Kigothi: mbona mtu akishakufa ndiyo kwanza mambo yanaanza?

Kalamu_Butu
Wakuu, naandika hadithi fupi ya Kigothi (zile za kutisha, za majumba ya kale, makaburi na siri). Dada wa mwenye nyumba anafariki katikati: radi, damu, vilio, vyote nimeweka, lakini haitishi. Edgar Allan Poe, yule mwandishi Mmarekani, anaua mtu kwa mstari mmoja na nywele zinakusimama. Nakosea wapi?

Fundi_Nathari
Umemaliza kelele zote kwenye kufa, kaburi limebaki bubu. Soma tena "The Fall of the House of Usher" (1839). Kifo cha Madeline, dada wa mwenye nyumba, kinatajwa juu juu tu. Poe anakuja kutulia kwenye kuhifadhi maiti: itawekwa majuma mawili chini ya nyumba kabla ya mazishi, chumba kimepigwa shaba, mlango ni wa chuma na unasaga ukifunguliwa. Kabla ya kukaza skrubu za jeneza, kaka yake na msimulizi wanamtazama: wekundu hafifu kifuani na usoni, tabasamu mdomoni. Na tulishaambiwa mapema kwamba ugonjwa wake humkakamaza mtu kama maiti!

Kwa hiyo siku ya saba au ya nane zikisikika sauti, msomaji anajua kila moja inatoka wapi. Dhoruba nayo inakuja Madeline anaporudi, si anapokufa. Hamisha radi yako.

Hata sababu ya kutomzika mara moja ipo: makaburi ya ukoo yako mbali, na kaka anahofia udadisi wa madaktari. Enzi zile maiti ziliibwa makaburini zikauzwa kwa shule za udaktari, wasomaji walielewa bila kufafanuliwa.

Bi_Maktaba
Damu nayo uiamulie. Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya hizi, katika insha iliyotoka 1826 akiwa ameshafariki, alitenganisha hofu inayoamsha akili na kitisho kinachoigandisha. Ndiyo maana katika riwaya yake *The Mysteries of Udolpho* (1794) mhusika mkuu Emily anafunua pazia jeusi, anazimia, na sisi tunakaa hadi karibu na mwisho ndipo tunaambiwa ilikuwa sanamu ya nta ya maiti inayooza. (Wengine hukasirika hapo, na wana haki.) Mwenzake Matthew Lewis katika *The Monk* (1796) anakuonyesha funza wenyewe. Ukichanganya njia hizi ndani ya kurasa kumi, funza wataua pazia.

Fundi_Nathari
Ukichagua funza, andika kikavu. Lucy wa *Dracula* ya Bram Stoker (1897) anakufa mara mbili: kwanza kama mtu, kisha kama mfu mnyonya damu. Mara ya pili tunapewa vipimo kama vya seremala: mti wa kumchoma moyoni, futi tatu, unene inchi mbili na nusu hadi tatu, ncha imechomwa motoni ikawa ngumu. Msimulizi ni daktari, hapambi.

Kalamu_Butu
Asanteni. Tatizo, dada wangu ni wa Lamu. Anazikwa siku hiyohiyo, kwa sanda, bila jeneza.

Bi_Maktaba
Basi majuma mawili ya Poe hayana pa kukaa. Rudisha shaka nyuma, kwenye kuosha maiti: mwosha anagusa kwapa, anahisi joto, anamtazama mwenzake, kisha anaendelea kumimina maji.