Regyuleta na geji ya presha ya mafuta kwenye 4A-GZE (injini ya Toyota), nifunge wapi na hozi ya vakyum itoke wapi?

Mwana_Levin
Habari wadau, naomba walioshika 4A-GZE wanisaidie kabla fundi hajaendelea. Gari ni Corolla AE92, injini imekuja na blowa yake ya SC12 (supachaja, inasukuma hewa kwenye injini), ile yenye klachi ya umeme kama ya kompresa ya AC. Inawaka vizuri na sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) imetulia. Sasa nimenunua pampu ya Walbro 255, regyuleta ya kurekebisha kwa mkono (tundu mbili za pembeni, moja chini ya ritani yaani mafuta kurudi tangini, kichuchu cha vakyum juu) na geji ndogo ya presha. Fundi anataka regyuleta ining'inie kwenye reli ya injekta (bomba linalogawa mafuta kwa injekta), geji aifunge hapohapo kwa nipeli ya shaba, na hozi ya vakyum aitoe kwenye paipu ya kati ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) na blowa maana pale kuna kichuchu kipo wazi hakina kazi. Hicho cha mwisho ndo kinanitia wasiwasi ila sina hoja ya kumwambia. Na je, geji naweza kuivuta mpaka kwenye dashibodi niwe naiona nikiendesha?

Injekta_Nne
Mkuu wasiwasi wako ni wa haki kabisa, mzuie. Kwenye hiyo injini throto iko mbele ya blowa, yaani hewa inapita throto, inaingia blowa, intakula (inapozwa), ndo inafika manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Kile kipande cha kati ya throto na blowa hakioni busti (presha ya hewa ya blowa) hata siku moja, ukikanyaga mpaka mwisho pale kuna hewa ya kawaida tu au vakyum kidogo. Busti inaanzia baada ya blowa.

Sasa piga hesabu. Tuseme umeweka presha ya msingi (ya mafuta, hozi ya vakyum ikiwa imechomolewa) 40 psi na blowa inasukuma 8. Injekta inamwaga ndani ya manifodi yenye hizo 8, kwa hiyo ili injekta iendelee kuona 40 zake reli lazima ipande mpaka 48, psi kwa psi, na kazi hiyo inafanywa na regyuleta ikiwa hozi yake inasoma manifodi. Ukiitoa pale fundi anapotaka, reli inabaki 40, ukitoa 8 injekta inaona 32, na mafuta yanapungua kama asilimia 10 hivi. Yanapungua pale pale unapoyahitaji, injini imeshiba hewa, inaanza kugonga (mchanganyiko unalipuka vibaya ndani ya silinda), na pistoni ya injini yenye blowa haivumilii kugonga muda mrefu. Na ukiwa sailensa hutaona dalili yoyote, ndo maana watu wanadanganyika.

Tafuta kichuchu kwenye manifodi yenyewe. Hozi iwe ya regyuleta peke yake, isigawane na ya busta ya breki wala kitu kingine, iwe fupi, na ifungwe klipu pande zote mbili kwa sababu busti huwa inaichomoa.

Pwani_Garage
Kwa hozi ndugu yangu hapo juu ashamaliza. Mimi naongezea kwa kufunga.

Regyuleta usiiache inaning'inia kwenye reli, itafutie braketi kwenye bodi, fayawoli (ukuta wa kati ya injini na abiria) au kando ya kikombe cha shokapu, mbali na egzosi. Lakini ukishaifunga kwenye bodi kumbuka injini inacheza kwenye maunti zake, kwa hiyo hozi ya kutoka reli kuja regyuleta uipe urefu wa kupumua, ikikazwa sana itavuta fitingi mpaka ivuje. Mpangilio ni tangi, pampu, filta, reli, halafu regyuleta, halafu ritani. Ile regyuleta ya zamani itolewe kabisa uweke adapta mahali pake, zikibaki mbili zitaingiliana na skrubu ya hiyo mpya haitakupa presha unayotaka.

Ritani nayo iangalie. Hiyo Walbro inasukuma mafuta mengi, ritani ikiwa nyembamba presha itagoma kushuka hata ulegeze skrubu yote.

Hozi soma maandishi yake. SAE 30R7 ni ya presha ndogo ya kabureta, unataka 30R9. Na klampu ziwe zile za injeksheni zenye ukingo laini, zile zenye matundu matundu zinakata mpira taratibu.

Mwana_Levin
Nashukuru sana wakuu, nimemsimamisha. Ile nipeli ya shaba ya geji je? Na thredi tuzungushie tepu nyeupe ya mabomba?

Pwani_Garage
Shaba kwenye reli hapana, mtetemo wa injini unaivunja shingoni na mafuta yanamwagika juu ya injini ya moto. Geji ndogo ifunge kwenye tundu ya geji iliyo kwenye regyuleta. Kama ni ile iliyojazwa kimiminika ndani usiiamini sana injini ikishachemka, inadanganya.

Tepu hapana, vipande vyake vinaishia kwenye injekta. Thredi za NPT (zile zinazopungua upana kuelekea mwisho) paka gundi ya maji inayostahimili petroli, fitingi za AN usipake chochote, zinaziba kwa ule uso wake wa mteremko.

Injekta_Nne
Ile geji ya dashibodi weka sensa ya umeme ya 0 hadi 100 psi, ipitishe waya tu. Hozi yenye petroli isivuke fayawoli kuja ulipokaa, hilo usikubali hata fundi akuapie.

Kabla ya kuwasha fungua kile kiboksi cha daiagnosisi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa Fp na +B kwa kipande cha waya, swichi on, pampu itazunguka injini ikiwa imezima. Pita kila jointi na tochi na tishu kavu, kizimamoto kikiwa karibu. Pakiwa pakavu ondoa waya, washa, chomoa hozi ya vakyum uzibe mdomo wake, weka presha ya msingi (Toyota wanataka 38 hadi 44 psi), kaza nati ya kufungia skrubu, rudisha hozi. Ukiirudisha presha ishuke kidogo, isiposhuka ujue hozi haisomi manifodi.

Halafu barabarani iangalie sensa pamoja na geji ya busti, busti ikipanda 8 na presha ya mafuta iwe 8 juu ya ile ya msingi. Ikipanda pungufu au ikaanza kushuka, ondoa mguu kwanza, mengine utayatafuta gari imesimama.